Je, Wajua? Njiapanda ya Beni, Soko la Butembo

Haya, sogea kidogo kwenye benchi, vumbi la lori lile litatupita sasa hivi. Tuko Beni, pale barabara zinapokutana na kuzungukana, na leo nina mfuko mzima wa maajabu ya njiapanda hii na ya ndugu yake Butembo. Nitakurushia moja moja. Wewe dakia tu.

Je, wajua kwamba Waswahili hawajakubaliana mahali kama hapa paitweje? Mkongomani anasema rond-point, Kifaransa kitupu. Mkenya anasema raundabauti. Mtanzania, usicheke, anasema kipilefti: alisikia amri ya Mwingereza ya kubana kushoto, akaigeuza jina la mahali!

Sasa cheka. Mwambie dereva wa Beni abane kushoto uone kitakachotokea. Kongo tunapita kulia, kwa hiyo kipilefti chetu ni cha kulia.

Shuka kilomita 80 hadi mpaka wa Kasindi, vuka upande wa Uganda, na kila mtu anapita kushoto. Lori halijapoa injini, dereva keshahama upande mzima wa barabara. Na hili je: magari mengi ya huku yana usukani wa kulia kwa sababu yameingilia Afrika Mashariki. Dereva wetu basi anapita kulia huku amekaa kulia, na anayeona vizuri kama kuna gari linakuja mbele ni abiria wa kushoto. Ukipewa kiti hicho, rafiki, usisinzie.

Mpaka huohuo unakula saa nzima. Ikiwa saa sita mchana Kasindi, Mpondwe ng'ambo ni saa saba. Mama anaweza kufunga meza yake sokoni Mpondwe saa moja jioni, akavuka kwa miguu, akafika nyumbani Kasindi saa kumi na mbili na dakika chache. Amefika kabla ya kuondoka!

Je, wajua njiapanda ya Beni inashika bahari mbili? Barabara ya Taifa namba 4 inatoka Kisangani, kwenye mto Kongo unaomwaga maji yake Atlantiki, inapasua msitu wa Ituri, inapita hapa na kushuka Kasindi. Ukiendelea nayo Uganda na Kenya, unaishia Mombasa, Bahari ya Hindi. Namba 2 nayo inapanda kutoka Goma kupitia Lubero na Butembo, inakuja kujifunga hapahapa.

Ndiyo maana betri ya redio unayoinunua Butembo ina uwezekano mkubwa wa kuwa imepita bandari ya Kilindini. Imevuka Kenya nzima, imevuka Uganda nzima, imepumzika Kasindi, ndipo ikapanda mlima. Imesafiri kuliko wewe na mimi pamoja.

Na tangu lini sisi ni Afrika Mashariki kwa karatasi? Tarehe 8 Aprili 2022, pale Nairobi, Kongo ilipotia saini na kuwa mwanachama wa 7 wa Jumuiya. Kwa biashara, mama wa Mpondwe alikuwa ameshajiunga zamani.

Mwaka uliotangulia, Juni 2021, marais wa Kongo na Uganda walikutana mpakani pale Kasindi kuzindua kazi ya barabara. Mpango wote: kilomita 223. Kasindi hadi Beni 80, Beni hadi Butembo 54, na 89 za Bunagana, Rutshuru hadi Goma. Hesabu mwenyewe, zinatimia.

Miji mikubwa huweka katikati yake mfalme juu ya farasi. Goma waliweka nini? Chukudu! Tangu 2009 kuna sanamu ya rangi ya dhahabu ya kijana anayesukuma chukudu lake, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, bila injini, bila pedali. Chombo chenyewe hubeba mamia ya kilo za viazi, makaa na saruji. Mimi nasema hakuna jenerali aliyestahili nafasi ile zaidi.

Je, wajua mwuza petroli wa chupa, yule wa kando ya barabara mwenye faneli na kitambaa, anaitwa kadafi? Jina limetoka moja kwa moja kwa Muammar Gaddafi wa Libya, mwenye visima vya mafuta. Yeye alikufa 2011. Huku kwetu angali anauza lita moja moja.

Boda boda nayo ilizaliwa mpakani, kati ya Kenya na Uganda, vijana walipokuwa wakiwavusha watu kwa baiskeli toka mpaka hadi mpaka. Kwa Kiingereza mpaka ni "border", na ulimi wa Kiswahili ukamaliza kazi. Huku tunamwita motari, na hapo ni Mfaransa anayedaiwa.

Sasa keti vizuri, hili ninalipenda kuliko yote. Simama katikati ya soko la Butembo, uite kwa sauti: "Kambale!" Geuka uone vichwa vingapi vimeinuka. Je, wajua kwa nini? Kwa sababu kwa Wanande, ambao wenyewe hujiita Wayira, jina ni namba! Mvulana wa kwanza ni Paluku, au Mumbere. Wa pili ni Kambale. Wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa, wa saba Ndungo. Mama zetu wanahesabu kwa majina.

Wasichana wana hesabu yao. Masika ni wa kwanza, Kavira wa pili, Kavugho wa tatu, kisha Kahambu, Katungu, Kyakimwa. Ukisikia mama ana Katungu mgongoni, huhitaji kuuliza ana mabinti wangapi. Mpishie tu chakula cha kutosha.

Jaribu na watu wakubwa. Askofu wa Kanisa Katoliki aliyepewa jimbo la Butembo-Beni mwaka 1998 ni Melchisedech Sikuli Paluku: namba moja. Mwanasiasa Antipas Mbusa Nyamwisi, ambaye kundi lake liliifanya Beni makao yake wakati wa vita iliyokwisha 2003: namba sita. Hukuona cheti chochote cha kuzaliwa, na tayari umeingia ndani ya nyumba zao.

Vuka mlima wa Ruwenzori, hesabu inaendelea. Wakonzo wa Uganda ni ndugu wa Wanande, lugha zao zinasikilizana, na majina ni yaleyale yaliyogeuka kidogo: Kambale anakuwa Bwambale, Kasereka anakuwa Masereka, Kakule anakuwa Kule. Mpaka uligawa milima; namba haukuziweza.

Na mfalme wao? Charles Wesley Mumbere, Omusinga wa Rwenzururu. Serikali ya Uganda ilitambua ufalme wake, akatawazwa Oktoba 2009. Kabla ya hapo, je, wajua alikuwa akifanya nini? Alikuwa Pennsylvania, Marekani, akiwahudumia wazee kama msaidizi wa wauguzi! Wagonjwa wake hawakujua kwamba anayewageuzia mto ni mfalme.

Tupande Butembo. Toka Beni ni kilomita 54 tu, lakini unapanda kama mita 600, na mji wenyewe unakaa karibu mita 1,800 juu ya bahari. Ikweta iko kilomita kama 15 kusini, na bado asubuhi watu wamevaa makoti. Mgeni anakuja na shati jepesi kwa sababu ameona ramani. Tunamhurumia, tunamuuzia sweta.

Ukitoka Butembo kwenda Lubero unavuka mstari wa Ikweta ndani ya gari, pengine huku unakula muhindi wa kuchoma. Ulianza kula kaskazini mwa dunia, ukamalizia kusini.

Beni ina komini 4: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Butembo nayo 4: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Sare. Mechi ya marudiano haijapangwa.

Je, wajua Butembo ilianza kukua kama kituo cha kampuni ya madini? Ilikuwa Minière des Grands Lacs, mwishoni mwa miaka ya 1920. Wachimbaji waliondoka, wachuuzi wakabaki, na wachuuzi ndio waliojenga mji.

Wamefika wapi hao wachuuzi? Dubai. Guangzhou. Jakarta. Mtu wa Butembo anayeteremka mlimani na pesa za kahawa anarudi na kontena la vitenge, simu na vipuri vya pikipiki. Mtafiti Timothy Raeymaekers aliwaandikia kitabu kizima, kikatoka mwaka 2014 huko Cambridge. Wenyewe walikuwa sokoni siku hiyo, nadhani.

Chuo kikuu kizima kilichipuka kwenye mlima huohuo. Université Catholique du Graben ilianza 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, aliyekuwa ameongoza jimbo hilo tangu 1966. Graben ni neno la Kijerumani, maana yake mtaro, na mtaro wenyewe ni Bonde la Ufa lililo chini yetu hapa. Jina la Kijerumani, darasa la Kifaransa, mazungumzo ya Kinande, na kahawa inaagizwa kwa Kiswahili!

Kataliko huyohuyo aliadhibiwa kwa njia ya ajabu. Akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu aliwakemea wakubwa wa vita, nao Februari 2000 wakamfukuzia... Butembo! Nyumbani kwake, kwa watu wake. Alikaa miezi 7, akarudi Bukavu Septemba kwa shangwe, na tarehe 4 Oktoba mwaka uleule akafariki Roma.

Rudi Beni, uinue pua. Harufu ile ni kakao inayokauka juu ya turubai. Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kuna umeme wa maji tangu 2013 na siku hizi kiwanda cha chokoleti. Miaka na miaka kakao ya Beni ilikuwa inaondoka ndani ya magunia, haijui hata inakuwa nini. Sasa mtoto wa mkulima anaweza kuionja.

Na papai je? Chanja papai bichi, linatoa utomvu mweupe. Ukikaushwa, ndio papaini, na eneo la Beni limekuwa miongoni mwa wauzaji wake wakubwa duniani. Inalainisha nyama, inasafisha bia isiwe na ukungu. Inawezekana kabisa mtu wa Ulaya ameinua glasi ya bia angavu kwa sababu ya papai la huku, wala hakusema aksante.

Tazama mashariki asubuhi, mawingu yakikubali. Kilele cha Margherita, mita 5,109, cha 3 kwa urefu Afrika, kina theluji karibu kabisa na Ikweta. Kimepewa jina la malkia wa Italia, kwa sababu mtu wa kwanza anayejulikana kukipanda, tarehe 18 Juni 1906, alikuwa mwanamfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi. Malkia mwenyewe hakuwahi kupanda hata nusu.

Chini ya mlima huo unapita mto Semliki. Je, wajua maji yake yanakwenda wapi? Yanatoka ziwa Edward, yanaingia ziwa Albert, yanakuwa Nile. Ukitema kokwa la embe Semliki, Mmisri jiandae.

Maziwa hayo mawili yalibadilishwa majina miaka ya 1970. Edward likawa ziwa Idi Amin Dada, Albert likawa ziwa Mobutu Sese Seko. Wakubwa wawili walijigawia maji. Samaki waliendelea na shughuli zao, na majina ya zamani yakarudi.

Haya, sasa shika kitu. Toa noti ya faranga mfukoni, iinue juu ielekee jua. Umeona kichwa cha mnyama kilichofichwa ndani ya karatasi? Huyo ni okapi, na habari zake zilifika duniani kwa kupitia Beni!

Ilikuwa hivi. Mwaka 1900, Mwingereza Harry Johnston, aliyekuwa mkubwa wa Uganda, aliwanusuru Wambuti waliokamatwa na Mjerumani mmoja. Mjerumani alitaka kuwapeleka Paris wakatazamwe kwenye maonyesho kama wanyama. Johnston akaamua kuwarudisha kwao Ituri, na njiani wakamsimulia mnyama wa msituni anayefanana na punda mwenye milia.

Akafika kituo cha Beni, kile cha zamani kilichokuwa bondeni mwa Semliki. Maofisa pale wakamwambia: tunamjua, watu wetu wanamla! Akapewa vipande vya ngozi ambavyo askari walikuwa wamevifanya mikanda. Mikanda! Elimu ya wanyama ilikuwa imefungwa kiunoni.

Wambuti wakampeleka msituni, wakamwonyesha nyayo. Johnston akakataa. Alikuwa akimtafuta farasi, na nyayo zile zilikuwa na kwato mbili kama za ng'ombe. Wenyeji walikuwa wamemwonyesha jibu, na mwanachuoni akaliruka.

Huko London, mwaka 1901, mtaalamu Philip Sclater aliitazama ile milia akamwandika mnyama katika ukoo wa farasi: Equus johnstoni. Haikupita miezi mingi, Msweidi aliyekuwa ofisa Beni, Karl Eriksson, akampelekea Johnston ngozi nzima na mafuvu 2. Wakayaangalia meno. Loo! Si farasi, si punda. Ni binamu wa twiga. Jina likafutwa haraka, likaandikwa Okapia johnstoni.

Hujasikia mwisho. Ndani ya hifadhi ya Virunga okapi alipotea machoni mwa watafiti tangu 1959. Miaka 47! Mwaka 2006 nyayo zikaonekana tena, karibu na Semliki, na mwaka 2008 kamera iliyotegwa msituni ikampiga picha. Alikuwepo wakati wote, hakuwa na haja ya wageni.

Redio nayo ikachukua jina lake. Radio Okapi ilianza Februari 2002, ikitangaza kwa lugha 5: Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Mnyama asiyesikika msituni ndiye anayesikika nchi nzima.

Umechoka? Bado. Hili la kuhesabu linakuhusu, wewe uliyekataa hesabu shuleni. Je, wajua kwamba pale Ishango, Semliki inapotoka ziwani, mtu alichora hesabu kwenye mfupa miaka kama 20,000 iliyopita? Mbelgiji Jean de Heinzelin aliuchimbua mwaka 1950. Una urefu wa sentimita 10 hivi, na ncha yake imepachikwa kijiwe.

Soma alama zake. Mstari mmoja: 11, 13, 17, 19. Jumla 60. Mstari mwingine: 11, 21, 19, 9. Jumla 60 tena! Wa tatu una jumla ya 48. Namba za ule mstari wa kwanza hazigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na zenyewe. Wataalamu wanabishana bado: kalenda ya mwezi? Mchezo? Mimi nasema mtu alikuwa anauza samaki, na kuna mteja alichukua kwa deni.

Mto huohuo, pale Katanda, wakapatikana wavuvi wa zamani zaidi. Mikuki yao ya mfupa ina meno ya kunasia samaki, na inakadiriwa kuwa na miaka 80,000 na zaidi. Walikuwa wanavua kambale. Naam, kambale samaki! Sijui wangapi walijibu walipoitwa.

Mfupa wa Ishango uko wapi leo? Brussels, kwenye jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe. Ukitoka hapo ni mwendo wa miguu kama dakika 20 tu hadi kiwanja kinachoitwa Patrice Lumumba, kwenye mlango wa mtaa wa Wakongomani, Matonge. Kiwanja kilizinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Ubelgiji ilihitaji miaka 58 tangu uhuru wetu kuliandika jina hilo ukutani.

Jino la Lumumba lenyewe lilirudi Juni 2022. Jino 1, ndani ya jeneza la mtu mzima! Lilizungushwa nchini, Kisangani, Lubumbashi, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni, pale Limete, chini ya mnara wa mita 210. Mwili mzima haukupatikana kamwe. Waliomuua waliuyeyusha kwa tindikali.

Na sanamu ya mfalme Leopold II juu ya farasi, imepitia nini Kinshasa? Mobutu alimwondoa 1967. Februari 2005 wakubwa wakamrudisha katikati ya mji. Kabla ya siku kwisha, akashushwa! Nimekaa muda mrefu zaidi kwenye foleni ya benki kuliko alivyokaa yule.

Dar es Salaam kuna yanayofanana. Pale mnara wa Askari ulipo tangu 1927, alisimama kwanza gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann, tangu 1909. Waingereza wakamng'oa, akapelekwa Hamburg, akasimamishwa mbele ya chuo kikuu. Wanafunzi wa huko wakamwangusha kwa kamba 1967, akarudishwa, wakamwangusha tena 1968. Sanamu moja, anguko baada ya anguko.

Askari yule wa shaba anatuhusu, usidhani. Vita ile ya 1914 hadi 1918 ilichukua wapagazi wa Kongo wapatao 260,000, na jeshi la Kongo liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la kambi ya wapagazi wa Mwingereza, "Carrier Corps" kama Mswahili alivyoisikia. Nairobi wakaisikia Kariokor. Soko maarufu kuliko yote Tanzania limebeba mzigo wa vita hadi leo, na watu wanaliendea nyanya.

Nisubiri ninywe maji. Linalofuata nilitaka ulisikie ukiwa umekaa.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa hapa, ikianzia Mangina. Ilikuwa mara ya 10 nchini. Ilishika Beni, ikashika Butembo na Katwa, na ilipotangazwa kwisha, 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Tulisalimiana kwa viwiko. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji yenye klorini.

Je, wajua kwamba hapahapa, katikati ya risasi, ndipo tiba ya Ebola ilipothibitishwa? Jaribio lilianza Novemba 2018 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na wagonjwa 681. Jina lake katika majarida ya dunia ni PALM. Wazungu wengi wanadhani ni mti. Ni Kiswahili! Pamoja Tulinde Maisha.

Agosti 2019 jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu ya habari njema: dawa 2 kati ya 4 zilikuwa zinashinda. Mgonjwa aliyewahi mapema, virusi vikiwa bado vichache, alikuwa na nafasi ya karibu 90 kwa 100 ya kupona. Daktari Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa amekutana na ugonjwa huo tangu 1976, akasema hatutasema tena Ebola haina tiba.

Moja ya dawa hizo imetoka wapi? Kwenye damu ya Mkongomani aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Walimchukua damu miaka 11 baadaye, na mwili wake ulikuwa bado unaikumbuka vita. Kinga ya mtu 1 wa magharibi ikaja kuokoa watu wa mashariki. Nchi ni kubwa, lakini damu inajua njia.

Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa katika mlipuko ule. Ukikutana na Kasereka yeyote wa Beni, mwulize. Pengine atakunja mkono wa shati akuonyeshe mahali.

Ugonjwa huohuo ulitunyima kura. Desemba 2018 ilitangazwa kwamba Beni na Butembo hazitampigia rais kura pamoja na nchi. Je, wajua watu wa Beni walifanya nini tarehe 30? Walijipanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura zao wenyewe! Masanduku yao, karatasi zao, wahesabuji wao. Hazikuhesabiwa Kinshasa. Rais aliapishwa Januari 24, sisi tukaitwa kupiga kura ya wabunge Machi 31. Hili halichekeshi, na sitajifanya linachekesha.

Haya, jua limepanda, benchi limeanza kuchoma. Lori lingine hilo, limebeba ndizi, mbuzi 4 na watu juu ya ndizi. Nina hakika kuna Kambale wasiopungua 2.

Jambo la mwisho, la kukusaidia leo leo. Kongo ina saa 2 tofauti. Ikiwa saa sita mchana Beni na Butembo, Kinshasa ni saa tano asubuhi. Kwa hiyo kama una shemeji kule na unataka kumwomba pesa, subiri kwanza muda wa saa moja. Mpigie mtu simu akishakula.